Mkalimani na Maana za Krauni

Shuleni kwetu kila mtu alimwita Mkalimani, hata watoto waliozaliwa kazi hiyo ikiwa imeshamwishia. Enzi za Waingereza alikuwa akitafsiri mahakamani mjini Musoma. Uhuru ulipokuja, na kesi nyingi zikaanza kusikilizwa kwa Kiswahili mbele ya mahakimu wa kwetu, akaambiwa ahsante, nenda nyumbani. Akarudi upande wa Butiama na baiskeli na masanduku mawili ya bati. Mwalimu mkuu wetu alikuwa hana mtu wa kufundisha Kiingereza, akampokea bila kumuuliza cheti.

Mimi nilimkuta hapo. Nilikuwa mwalimu mpya, mwanamke peke yangu kwenye chumba cha walimu, nimetoka Majita kule ziwani, na Kizanaki cha watu wa pale sikukijua. Meza yangu na yake ziligusana. Kwa miaka minane niliketi karibu na mzee yule kuliko nilivyowahi kuketi karibu na baba yangu mzazi.

Kuketi si neno sahihi kwa upande wake. Alikuwa akisimama. Alisahihisha madaftari amesimama, alikunywa chai amesimama, mikono ameiweka nyuma kama mtu anayengoja kuitwa. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote, kola ikilika aliigeuza upande wa ndani ukawa wa nje. Na alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wanafunzi mpaka wakamwogopa: akisimulia maneno ya mtu mwingine, alisema "mimi." Mzazi mlevi akija kulalamika, Mkalimani aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu akasema, "Mimi nimekunywa, lakini mtoto wangu amepigwa bila kosa." Mwalimu mkuu alikuwa ameshazoea. Walifundishwa hivyo mahakamani, mzee mwenyewe aliniambia. Mkalimani hasemi "anasema hivi." Mkalimani anakuwa yule mtu mpaka amalize.

Somo lake lililojulikana lilikuwa la neno moja. Kila mwaka, darasa la sita, aliandika ubaoni neno krauni kwa Kiingereza, CROWN, herufi kubwa, kisha wiki nzima hakufundisha kitu kingine. Siku ya kwanza ilikuwa kofia ya mfalme, na watoto waliielewa upesi kwa sababu ya taji la miiba walilolijua kanisani. Siku ya pili ilikuwa utosi, mahali nywele zinapozunguka. Siku ya tatu ilikuwa kichwa cha mti, pale matawi yanapoanza kutanuka. Halafu mgongo wa barabara, ule mwinuko wa katikati unaomwaga maji mitaroni. Halafu kifuniko cha chupa ya soda. Halafu jino la kuvika juu ya jino bovu. Halafu ule wakati mtoto anapozaliwa na kichwa kinaanza kuonekana. Hapo wasichana waliinamisha nyuso, naye akaendelea kwa sauti ile ile ya mahakamani. Siku ya mwisho ilikuwa Serikali ya Mwingereza, ambayo nayo waliiita Krauni.

Alizikusanya maana hizo mwenyewe. Ya barabara aliipata kwa msimamizi wa ujenzi kwenye njia ya kwenda Bunda; alisimama na baiskeli yake juani mpaka yule bwana akapata nafasi ya kumjibu. Ya uzazi aliipata kwa mkunga. Alikuwa na daftari gumu la mahakama, na kila maana aliandika nani kamwambia.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "watoto hawa mtihani wao hauulizi haya."

"Najua."

"Sasa kwa nini neno hili tu? Kuna maneno mangapi ya Kiingereza?"

"Mengine yanajitegemea, Mwalimu," akasema, akaendelea kusahihisha.

Tulidhani ni wazimu mdogo wa msomi. Mwalimu wa hesabu alimwita Bwana Krauni pembeni. Mimi sikumcheka, ila niliona ni mambo ya ukoloni ambayo mzee ameshindwa kuyaacha. Nilikuwa nafundisha siasa. Nilikuwa na majibu mengi.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba hakutafsiri. Mtu aliyekuwa na Kiingereza, Kiswahili, Kizanaki na Kikurya mdomoni, ukimwomba akutafsirie, alikataa. Daktari mmoja mgeni alikuja kupima watoto macho, hajui Kiswahili. Mwalimu mkuu akamtuma Mkalimani, na Mkalimani akajifanya hasikii. Wazazi walileta barua kutoka kwa watoto wao waliokuwa Nairobi, akawarudishia bila kuzifungua. Wengi walimwona ana majivuno.

Mwaka wa kuhamia vijijini, kukataa huko kulimgharimu. Afisa alikuja na mgambo kuwatangazia watu wa mabondeni wabomoe nyumba zao wahamie kijiji kipya upande wa kuelekea Mugeta. Wazee kwa wanawake walikuwa wamekusanyika, wengi Kiswahili hawakijui vizuri. Afisa akasema, "Nasikia hapa kuna mkalimani wa serikali. Aje mbele."

Mkalimani alikwenda mbele. Akasimama na mikono yake nyuma.

"Waambie wana siku saba."

Mkalimani akawatazama wale wazee.

"Mzee, nimesema waambie wana siku saba."

"Siwezi," akasema. "Tafuta mwingine."

Afisa alidhani ni upinzani. Mimi nilikuwa nimesimama na wanafunzi, na nakiri nilidhani hivyo hivyo, na nilimwonea aibu. Alisimamishwa juani hapo hapo mpaka saa za jioni, na nyumba yake ndiyo iliyoezuliwa ya kwanza. Hakulalamika. Alikusanya madaftari yake, akayafunga kwenye shuka, akapakia baiskeli. Shule nayo ilihamishiwa kijijini, kwa hiyo tuliendelea kuwa pamoja.

Ni kijijini nilikoambiwa habari yenyewe. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba, mistari minne, na watu waligawiwa bila kuulizwa wanataka jirani gani. Wiki moja baada ya kujenga kibanda, Mkalimani alikuja shuleni amenyoa ndevu upande mmoja tu. Mchana, wenzetu walipokwenda kula, akaketi kwenye kiti. Sikuwahi kumwona ameketi humo.

"Mwalimu," akasema, "jirani yangu ni Mama Nyangeta."

"Mama Nyangeta namjua. Mama mzuri."

"Mume wake unamjua?"

Nilijua kama walivyojua wote. Mume wa Mama Nyangeta alinyongwa enzi za Waingereza kwa kuua mtu. Watu hawakulizungumza sana, na yeye mwenyewe hakulizungumza kabisa.

Ndipo akanisimulia, na alisimulia kwa desturi yake, kila mtu akiwa "mimi."

Mtu mmoja alikutwa amekufa karibu na lambo, amepasuliwa kichwa kwa fimbo. Mume wa Mama Nyangeta alikuwa amepigana naye mieleka siku mbili kabla, kwa sababu ya zamu ya kunywesha ng'ombe. Hilo halikuwa siri, watu walikuwepo, wakawaamulia, yakaisha. Lakini akakamatwa. Jaji Mzungu akaja Musoma kusikiliza. Siku daktari alipotoa ushahidi wake, Mkalimani alikuwa amelala na homa, akatafsiri mwingine. Kesho yake akarudi kazini akiwa bado anatetemeka. Alikuwa na miezi minne tu kwenye kazi hiyo.

Asubuhi nzima wakili wa upande wa mashtaka alikuwa akisema Krauni inasema hivi, Krauni itaonyesha vile, na Mkalimani akitafsiri: Serikali. Halafu wakili akamgeukia mshtakiwa, akamuuliza kama aliishusha fimbo yake kwenye krauni. Alimaanisha utosi. Daktari alikuwa amelitumia neno hilo jana yake, na wote mle ndani wenye Kiingereza walilijua, isipokuwa mtu mmoja.

"Nikatafsiri," akasema Mkalimani. "Wewe uliinua fimbo juu ya Serikali, siyo?"

Akabadilika sauti, akawa yule mtu mwingine, mtu wa ng'ombe, mtu aliyeshangaa.

"Mimi Serikali sijaigusa. Mimi nilipigana na yule mtu tu."

"Ukatafsiri hivyo?"

"Nikatafsiri hivyo. Krauni sikuigusa, nilipigana na mtu tu. Wakili akasema, kwa hiyo unakubali ulipigana naye, ila krauni hukuipiga? Nikamuuliza mshtakiwa. Akasema ndiyo. Kwa nini asiseme ndiyo? Walipigana kweli, ile siku ya mieleka. Nikasema yes. Jaji akaandika."

Nje watoto walikuwa wakiruka kamba. Nilimuuliza aligundua lini.

"Hukumu ilikuwa imeshasomwa. Karani alikuwa anaiandika upya, anasoma kwa sauti: Mshtakiwa mwenyewe amekiri kumpiga marehemu, anachobisha ni pigo la krauni tu. Nikamuuliza, krauni gani hiyo? Karani akajigonga kichwani hivi." Mkalimani akajigonga utosini kwa kidole, mara mbili. "Akarudi kuandika."

"Na yule mtu alikuwa wapi?"

"Alikuwa bado Musoma. Meli ya kumpeleka Mwanza ilikuwa haijaja."

"Ukamwambia nani?"

Alitazama kiganja chake.

"Nilikuwa na kofia mpya ya kazi, Mwalimu. Ningekwenda kwa jaji niseme Kiingereza sijui? Nikasema ataomba rufaa, na huko juu wataona. Rufaa ilikwenda na karatasi zile zile, na maneno yangu yale yale. Wakampandisha meli kwenda Mwanza. Hakurudi."

"Wewe unadhani aliua?"

"Sijui. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba hakukiri."

Sikujua la kusema, na ningeendelea kutojua ingekuwa heri. Lakini wiki zilizofuata alirudi kwenye jambo hilo kila wenzetu walipotoka. Mama Nyangeta alikuwa amemkuta anahangaika na jiko la mafiga, akaanza kumletea ugali wa mtama na dagaa. Yeye akamjengea uzio, akamchotea maji wakati wa kiangazi, akamchumia pamba mpaka vidole vikachubuka.

"Ananipikiaga," aliniambia. "Ananiita shemeji. Chakula chake kinanikaa hapa." Akaonyesha koo.

"Mwambie," nikasema.

"Nikimwambia anapata nini?"

"Anapata ukweli. Ni haki yake, mzee. Miaka yote anaishi na uongo uliotoka kinywani mwako, halafu unakula ugali wake."

Nilisema maneno hayo. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, sijazika mtu yeyote wa karibu. Niliamini ukweli ni kama dawa ya minyoo, unauma tumbo siku moja kisha mtu anapona. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Wewe ni mwalimu. Pengine unajua." Nikaona nimeshinda.

Alimwambia Jumapili, baada ya misa. Sikuwepo. Jumatatu hakuja kazini. Jumanne, saa nne, wakati wa mapumziko, Mama Nyangeta alikuja shuleni. Alisimama mlangoni mwa darasa langu, kanga kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Nikatoka nje.

"Wewe ndiyo ulimwambia aniambie?" akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, alikitoa polepole.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Shikamoo hakuitika.

"Mume wangu, wakati meli inakuja, alituma mtu. Anasema niende nimuone. Mara mbili alituma. Mimi nilikuwa Musoma, kwa shangazi, ni karibu, kutembea tu. Sikwenda."

Nikaufunga mlango wa darasa nyuma yangu.

"Sikwenda kwa sababu watu waliniambia amekiri mwenyewe. Amekiri mbele ya jaji. Kwa nyumba aliniambia hakuua, kwa jaji anasema ameua. Nikasema kumbe huyu ananidanganyaga mimi. Nikasema aende." Alivuta pumzi. "Kigoda chake nilichoma. Watoto wakiuliza, nasema baba yenu aliua mtu, alisema mwenyewe. Wajukuu nnao wanne wanaume. Hakuna hata mmoja nimempa jina lake. Kwetu mtu akikosa wa kumrithi jina, ameisha. Nilitaka aishe."

"Mama, sasa unaweza..."

"Naweza nini?"

Alinitazama kama mtu anayesubiri kweli, kama mtu aliyekuja kuuliza swali na anataka jibu apeleke nyumbani. Kengele ikagongwa. Watoto wakaanza kupanga mistari. Akafungua kanga yake, akaifunga tena, akaondoka.

Alijaribu. Mke wa mwanae wa pili alijifungua mtoto wa kiume msimu ule, na Mama Nyangeta akaomba apewe jina la babu yake. Mwanae akakataa. Alikuwa amekua na jina la mtoto wa muuaji, amepigana shuleni kwa ajili yake, ameshalizoea. Hakutaka kuliingiza jina la baba kwenye nyumba yake kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja anayefundisha watoto vifuniko vya soda. Lakini hakuacha hivi hivi. Alikwenda mjini kuomba kuliona faili la kesi, aone kwa macho. Akaambiwa karatasi za enzi zile haziko, na kama ziko, hakuna anayejua zimewekwa wapi. Aliporudi alipita kwa Mkalimani, akamwambia mbele za watu: "Wewe mzee umechanganyikiwa. Mwache mama yangu."

Mama Nyangeta aliacha kula vizuri. Alikuwa akionekana ameketi kando ya uzio aliojengewa, uso ameuelekeza barabara ya Musoma. Watu walimwita, hakuitika. Alifariki msimu uliofuata, pamba ikiwa imeanza kupasuka. Kituo cha afya waliandika homa. Wanawe hawakumruhusu Mkalimani asogee kaburini. Nilimwona amesimama nje ya mstari wa mwisho wa viwanja, mikono nyuma, mpaka watu wakatawanyika. Nilikwenda kumwambia twende nyumbani.

"Nilikuuliza anapata nini," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Mwaka ule hakufundisha neno lake. Ilipofika wiki yake, aliingia darasa la sita, akawafundisha nyakati za vitenzi. Mwishoni mwa muhula akamwambia mwalimu mkuu kwamba hatarudi. Alisema binti yake aliyeolewa Bunda anamwita. Daftari gumu la mahakama aliliacha mezani kwangu bila barua. Sikulifungua. Nilipohamishwa, nililikabidhi ofisini pamoja na madaftari mengine, na sijui lilikwenda wapi.

Ilipita miaka. Niliolewa, nikahamia Musoma mjini, nikazika mama yangu, nikazika na mtoto. Mara nyingi nilipita Bunda kwenda Mwanza na kurudi, na kila mara nilijiambia safari ijayo nitashuka. Siku niliyoshuka ilikuwa kwa sababu basi lilipasuka gurudumu, ukweli ndio huo. Nikaulizia, nikaelekezwa Nyasura, nyumba ya bati yenye michungwa miwili mbele.

Binti yake alinikaribisha vizuri. Alikuwa mtu mzima kama mimi, mikono ina unga. Alisema baba yake yupo uani, lakini nisishangae, Kiswahili ameacha. Kiingereza pia. Tangu alipougua mwaka juzi anaongea Kizanaki tu.

"Ni ugonjwa umemsahaulisha?" nikauliza.

"Daktari anasema ndiyo," akasema. "Mimi naona anavisikia. Redio ikisema kitu, anageuka."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amekonda, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nikapiga goti nikamwamkia. Alinitazama, na nikajua amenijua, kwa sababu alijaribu kuinuka na binti yake akamkalisha kwa kumshika bega.

Nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia kwa miaka mingi. Nilimwambia kwamba nilikosea. Kwamba nilikuwa mtoto na nilimshauri kama mtu mzima. Kwamba na mimi sasa nimezika, najua kuna mambo ambayo mtu ameyajengea nyumba juu yake na huwezi kuyachimbua. Nilimwambia kwa Kiswahili, na binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka anachambua choroko, hakujua nazungumzia nini.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaanza kuongea. Aliongea kwa Kizanaki, kwa utulivu, sauti yake ikiwa ile ile ya zamani, na aliongea muda mrefu. Kuna pahali alisita akatafuta neno. Kuna pahali sauti ilibadilika ikawa ya mtu mwingine, halafu ya mwanamke, halafu ikarudi. Kijita changu cha Majita kilinisaidia kushika neno hapa na neno pale, meli, mtoto, jina, lakini hayakuungana. Binti yake aliacha kuchambua choroko. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akainamisha kichwa, na mzee akaendelea mpaka akachoka. Alipomaliza alifunga macho.

Nikamgeukia binti.

Alijifuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha wa pili.

"Anasema ahsante kwa kuja," akasema.

Nilingoja. Hakuongeza kitu. Nikamwambia na yeye ahsante, nikachukua mkoba wangu, akanisindikiza mpaka kwenye michungwa, akaniambia mabasi yanayokwenda Musoma niyangojee upande wa pili wa barabara.